Uzi: iMac ya 2013 kuiwasha kwa SSD ya nje badala ya kuipasua, nani amefanya?

Kadi_za_Malindi
Asalam aleikum, hamjambo nyote. Mimi niko Malindi, nafanya kadi za harusi, mabango na zile karatasi za menyu za mahoteli. Mwaka jana kuna Mtaliano alikuwa anahama arudi kwao, akauza vitu vya nyumba, nikachukua iMac yake (ile kompyuta ya mezani ya Apple, kioo na mashine kitu kimoja) ya inchi 21.5, Late 2013, i5, ramu 8. Kwa macho ni nzuri mashallah, kioo hakina mkwaruzo. Lakini uzito wake jamani! Naiwasha, naenda nanunua mahamri na mbaazi, narudi, bado iko kwa lile tufaha. Nikifungua faili ya kadi kile kimpira cha rangi kinazunguka mpaka mteja anaanza kuniuliza kama mashine ni mgonjwa. Nimeambiwa tatizo ni diski ngumu, niweke SSD (diski ya chipu, haina kitu cha kuzunguka ndani), ila fundi mmoja hapa ameniambia kuifungua ni kupasua gundi ya kioo na hatoi garantii. Mwengine anasema SSD ya nje kwa USB yatosha, mashine inabuti (inawaka) kutoka huko na ndani hakuguswi. Ni kweli ama ni maneno ya barazani?

Mkunguni_kwetu
Iuze ununue punda. Punda hana diski ngumu na akigoma wamjua sababu 😂

MzeeWaSolda
Ni kweli, na wewe kwako ndiyo njia nitakayokushauri. Ngoja nieleze kwa sababu watu wanachanganya mambo.

iMac kuanzia zile nyembamba za mwisho wa 2012 kioo na skrini ni kitu kimoja, kimebandikwa kwa utepe wa gundi kuzunguka ukingo wote. Kufungua unapitisha kile kigurudumu cha plastiki polepole pembeni, ukifika juu unainua kwa adabu sana maana kuna kebo mbili fupi chini ya hapo, ukivuta kama mlango zinakatika. Halafu kurudisha wahitaji utepe mpya uliokatwa kwa kipimo chake, si selotepu ya duka la vitabu. Mimi nimefungua tatu za namna hiyo. Mbili zilirudi salama, moja niliipasua kona na nikamlipa mwenyewe, na ile pesa niliyolipa ndiyo ilinifunza kuheshimu USB.

Sasa kwa nini iko nzito. Hiyo 21.5 ilikuja na diski ya kuzunguka, mizunguko 5400 kwa dakika, ya laptop kabisa. Ukisoma faili moja kubwa inajitahidi, MB 100 hivi kwa sekunde. Lakini mfumo ukiwaka hausomi faili moja, unasoma maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika na ile sindano yakimbia huku na huku kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Na kuanzia Mojave, ile macOS (mfumo wa Apple) ya 2018, mfumo ulianza kugeuza hata diski hizi za kuzunguka kuwa APFS, yaani mpangilio wa Apple wa kuweka faili, ambao ulitengenezwa na SSD akilini. Hapo ndipo wengi walipoanza kulia.

Mashine yako ina USB 3.0, matundu manne nyuma, 5 Gbps. Kwa vitendo SSD ya kawaida ya SATA (ile aina ya zamani ya kuunganisha diski) ndani ya kasha zuri utapata MB 400 na kitu. Mara nne ya ulichonacho, na kwa vile vifaili vidogo tofauti ni kubwa zaidi ya hiyo, hata usihesabu.

Kadi_za_Malindi
Ahsante sana mzee. Ninunue ipi? Kuna muuzaji Mombasa ananisukumia ile ya NVMe (SSD ya mbio zaidi) na kasha la 10 Gbps, asema ndiyo ya kisasa.

MzeeWaSolda
Utalipia mbio ambazo tundu lako halina. Kasha la 10 Gbps kwa tundu la 5 litakwenda 5. Na hizo NVMe zachemka, kakasha kadogo kanakuwa kama pasi. Chukua SATA ya inchi 2.5, GB 480 ama 500, na kasha ambalo limeandikwa UASP. Hilo la UASP usilipuuze, ndilo linaloruhusu maombi mengi kupita kwa pamoja badala ya kupanga foleni moja moja. Kasha bila hilo utaniletea lawama hapa.

Pwani_Tower
Nidakie hapa. Mimi nina saiba na desktop nne za ex-UK, zile tower za i5 ya kizazi cha tatu, Windows 10. Nami nataka hii ya SSD ya nje kwa sababu naona ni rahisi, nachomeka tu naondoka. Itafanya?

MzeeWaSolda
Kaka, wewe tower yako ina mfuniko wa kuvuta kwa kidole. Kwa nini uning'inize kitu nje? Fungua, kuna waya wa SATA ndani na wa umeme, chomeka, funga, kwisha. Dakika kumi na bei ya kasha umeiokoa. Hii habari ya nje ni ya mashine zilizobandikwa gundi, si ya kila mtu.

Na kwa Windows ni tabu zaidi, instola yake ikiona diski ni ya USB yakataa wazi kuweka mfumo humo. Palikuwa na Windows To Go ya kufanya hivyo, wakaiondoa kuanzia toleo la 2004. Kuna njia ya kupitia programu ya Rufus inafanya, lakini kwa saiba ambapo watoto wanavuta kila waya? Usijaribu.

Tena Windows 10 msaada wake uliisha Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi yataka Intel ya kizazi cha nane na chipu ya usalama ya TPM 2.0, zako hazifiki. Weka Linux Mint, mfumo wa bure, kwenye mashine moja uone wateja watasema nini. Wengi wanafungua brauza, wanaprinti, wanaondoka, hata hawajui wako kwenye nini.

Pwani_Tower
Sawa nimekupata. Wateja wangu wataka ile ya e ya bluu lakini nitajaribu.

BintiLangoni
Salaam, mimi niko Lamu. Nina iMac pia ila ni ya zamani zaidi, 27, Mid 2011, naitumia kwa bukingi za nyumba ya wageni. Nimesoma hapa nikanunua SSD ya nje haraka haraka, nimeweka mfumo, nikawasha, sioni ajabu yoyote! Kufungua programu ni afadhali kidogo, lakini kukopi picha imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Nimetapeliwa?

MzeeWaSolda
Hukutapeliwa bi dada, umewahi tu. Ya 2011 ni USB 2.0, 480 Mbps, kwa vitendo ni MB 30 na kitu kwa sekunde. Diski yako ya ndani yapita hapo vizuri kwa faili kubwa, ndiyo maana kukopi kumekuwa kubaya. Kufungua programu ni afadhali kwa sababu SSD haitafuti kwa sindano. Mashine yako ina tundu la Thunderbolt, lile la kwanza la 10 Gbps, ambalo lingekufaa, lakini makasha yake bei yake ni ya kununua mashine nyingine. Kuna tundu jingine la FireWire 800 pia, MB 80 hivi ukipata kasha lake, na siku hizi kulipata ni kama kutafuta kasa mchana.

Habari njema ni kwamba yako ndiyo inayofunguka. Kioo cha 2011 kimeshikwa na sumaku, si gundi, wakivuta kwa vifyonzi viwili kinatoka, halafu skrubu za Torx, skrini inainuka. Ila usitoe ile diski ngumu ya ndani! Hizo za 2011 diski ina namna yake ya kutoa habari ya joto, ukiweka nyingine feni zaanza kuvuma kama boti inayotoka Mokowe na hazishuki. Iache hapo hapo. Toa DVD, weka SSD mahali pake kwa kile kifremu, na kile kihisi cha joto kilichobandikwa kwenye DVD ukihamishe. Kasi ya pale ni mara kadhaa ya USB yako.

BintiLangoni
Nimeelewa. Fundi wa kufungua kioo hapa Lamu simjui, wote ni wa simu. Nitangoja.

Kadi_za_Malindi
Nimerudi, vitu vimefika kwa basi jana. Sasa nisaidieni maana sijalala. Nimeshika Command na R wakati wa kuwasha kama video zinavyosema, niingie Recovery (pale pa kuinstoli mfumo), mashine haijali, yaenda zake kwa mfumo wa zamani. Nimejaribu mara tano.

MzeeWaSolda
Kibodi yako ni ya bila waya?

Kadi_za_Malindi
Ndiyo, ile nyeupe iliyokuja nayo.

MzeeWaSolda
Bluetooth mara nyingine haijaungana wakati huo. Kaazime kibodi ya waya popote, hata ya Windows. Kitufe cha Windows ndicho Command, na Alt ndicho Option. Shika mara tu unaposikia mlio wa kuwaka.

Kadi_za_Malindi
Imekubali! Nimeazima ya hapo jirani iliyokatika miguu. Lakini kila kitu ni Kitaliano 😭 na nikibonyeza kuinstoli yaniambia haifikii seva. Intaneti ninayo, hapa natumia hiyo hiyo kuwaandikia.

MzeeWaSolda
Tazama tarehe. Mashine ikikaa muda mrefu bila umeme saa yake yapotea, ikidhani ni mwaka mwengine hivi vyeti vya usalama havikubaliani na seva yakataa. Kwa menyu ya juu kuna Utility, ndani yake Terminale. Andika date ubonyeze enter.

Kadi_za_Malindi
Yasema ni Januari ya 2001!!!

Mkunguni_kwetu
Mwaka huo hata M-Pesa hakuna, seva itakujibu vipi 😂😂

MzeeWaSolda
Ndiyo hiyo. Andika tena date ukifuatisha na tarakimu: mwezi, siku, saa, dakika, halafu mwaka, zote zimeshikana, kila moja tarakimu mbili. Halafu toka, rudi kwa Disk Utility, kule juu kwa Vista (ndiyo View kwa Kitaliano) chagua ionyeshe vifaa vyote. Hapa wengi wanakosea. Utaona SSD ina jina la juu na jina la chini limeingia ndani kidogo. Futa lile la JUU kabisa, fomati APFS, skimu GUID. Ukifuta la chini peke yake mpango wa diski waweza kubaki wa Windows na mfumo utakataa kukaa. Na angalia jina mara mbili usije ukafuta ya ndani yenye kadi za watu.

Kadi_za_Malindi
Nimefanya, inateremsha. Yasema saa 4. Nimenunua bando la usiku.

Kadi_za_Malindi
Wazee, imefika mbali halafu diski ikapotea. Ghafla tu. SSD haionekani tena mpaka nichomoe nirudishe. Nimeanza upya, imepotea tena karibu pale pale. Bando limekwenda.

MzeeWaSolda
Umechomeka wapi hasa?

Kadi_za_Malindi
Kuna kile kigawanyi cha USB cha matundu saba, kiko mezani, ni rahisi kufika. Na waya niliyokuja nayo ilikuwa fupi nimeweka ya mita mbili.

MzeeWaSolda
Subhanallah. Hiyo ni SSD yenye mfumo mzima wa kompyuta, si flashi ya nyimbo. Kigawanyi hakina umeme wake, chagawanya wa tundu moja kwa kibodi, kipanya, feni yako ya mezani (nakujua unayo) na diski. Diski ikiandika kwa nguvu yataka umeme zaidi, haupati, yazima. Toa hicho kitu. Kasha moja kwa moja nyuma ya iMac, kwa ile waya fupi iliyokuja na kasha. Kwa shida za diski ya nje nilizoletewa, nyingi zilikuwa waya, chache sana ndizo zilikuwa diski.

Kadi_za_Malindi
Kweli nina feni 🙈

Kadi_za_Malindi
ALHAMDULILLAH. Imemaliza, mfumo wa macOS Catalina uko ndani ya SSD. Nimewasha nimehesabu kwa saa ya simu, sekunde 38 niko kwenye desktop, na hapo mwanzo ilikuwa dakika nne na zaidi. Nimefungua ile kadi ya harusi yenye maua mengi ambayo nilikuwa naichukia, imefunguka hata sijakaa vizuri. Mke wangu akauliza umenunua mpya? Nikanyamaza nifurahie kidogo.

Swali moja, nikiizima na kuwasha yakaa kidogo na ki-folda cha alama ya kuuliza kabla ya kuendelea.

MzeeWaSolda
Hujaiambia ianzie wapi. System Preferences, Startup Disk, kwa Kitaliano itakuwa Disco di avvio, chagua SSD. Ukitaka siku moja kuingia ile ya ndani, shika Option wakati wa kuwaka zitajipanga mbele yako.

Mambo mengine ya kujua sasa usije ukanilaumu baadaye. Kwa USB macOS haitumi TRIM, yaani SSD haiambiwi ni wapi pamefutwa, kwa hivyo usiijaze. Acha nafasi, mimi huacha robo. Umeme: SSD ya nje na umeme wa kukatika ghafla si marafiki, tafuta UPS hata ndogo ya kukupa dakika tano za kuzima. Ile diski ya ndani usiitupe, ifute uifanye ya Time Machine (bakapu ya Apple yenyewe), lakini ina umri huo, isiwe bakapu ya pekee, kadi za wateja weka na kwengine. Na Chrome iliishia namba 128 kwa Catalina, tumia Firefox. Kuna OpenCore Legacy Patcher ya kupandisha mfumo mpya zaidi, ila kaa na hii kwanza mwezi mmoja, kazi yako ni kadi si kubahatisha.

Nyuma_ya_Jamia
Mimi nimepita tu, kuna iMac nauziwa Watamu. Nikishika Option yatoka kufuli kubwa na sehemu ya neno la siri. Ni kawaida?

MzeeWaSolda
Iache. Hiyo ni nywila ya firmware (programu ya ndani ya mashine yenyewe), mwenyewe asipoitoa hutabuti kutoka diski yoyote ya nje, na kuiondoa Apple wakuuliza risiti ya kununulia. Mwambie muuzaji aiondoe mbele yako na atoke iCloud yake pia, ndipo utoe pesa. Na ikiwa ni ya 2020 yenye chipu ya usalama ya T2 kuna mlango mwengine tena wa kuruhusu kubuti nje, huwekwa kwa Recovery.

Kadi_za_Malindi
Wiki ya tatu leo, nawapa taarifa. Mashine ni moto. Mishapu ilikuwa moja, nilibandika kasha nyuma ya mguu kwa utepe wa pande mbili, na hii joto na chumvi ya hapa Malindi ule utepe uliachia siku ya nne, kasha likaning'inia kwa waya, mtoto akaliona akalivuta kama embe. Kioo kiligandisha pale pale, kipanya hakisogei, nikazima kwa kitufe. Niliwasha huku nasoma dua. Ilirudi, ilichelewa kidogo ikijikagua, na kadi niliyokuwa nafanya sikuwa nimeseivu ikaenda, harusi yenyewe ni ya Jumamosi. Sasa waya nimeupitisha kwenye lile tundu la mguu wa iMac na kasha nimelifunga kwa uzi wa nailoni wa kuvulia. Hata uvute na mashine nzima inakuja.

Kutu pia. Pini za waya zilianza kuwa na weupe weupe, nimesafisha kwa spiriti na mswaki mkavu, na meza nimeihamisha kutoka dirisha la upande wa bahari.

Na lile jambo la Kitaliano: nilibadilisha lugha lakini kibodi ilibaki mpangilio wa kwao, nikawa naandika nywila yangu yenye @ yakataa siku nzima, kumbe @ haiko mahali pake. Nilidhani nimedukuliwa!

BintiLangoni
Hongera kaka. Mimi bado na ile yangu ya USB 2.0, nimerudi diski ya ndani, ile SSD naitumia kubebea picha. Mzee, huji Lamu?

MzeeWaSolda
Nakuja Maulidi inshallah. SSD unayo tayari, hiyo hiyo tutaitoa kwenye kasha. Agiza tu kifremu cha DVD cha milimita 12.7, uweke jina la mashine ukiagiza wasikuletee cha 9.5. Vifyonzi na bisibisi za Torx nitabeba. Meza iwe mbali na watoto na paka, na taa nzuri.

BintiLangoni
Paka wa Lamu utawafukuza wewe mwenyewe. Chai ya tangawizi na viazi karai vipo.

Mkunguni_kwetu
Na punda wa kubeba vifyonzi kutoka gatini natoa mimi. Nilisema kutoka mwanzo hamkunisikiza.